Kesi ya Nguruwe



Kwetu mtu akitaka kumtukana mwenzake kwa ukali, hatafuti neno mbali. Anasema tu: «Wewe ni nguruwe!» Maana yake: wewe ni mchafu, wewe ni mlafi, wewe huna akili. Na mtoto akianguka njiani, macho yakigeuka na povu likitoka kinywani, wengine wanasema: «Iko na pepo.» Wengine wanasema: «Ni ile nyama ya nguruwe alikula.» Basi mnyama huyu anabeba mizigo mingi juu ya mgongo wake, mizigo ambayo mingine si yake.

Mwezi huu tufanye sawa wazee wanavyofanya barazani. Mshitakiwa ni nguruwe. Mashitaka ni matatu: ujinga, uchafu, na kuleta magonjwa. Tutaita mashahidi: hadisi za watoto, pori na historia. Naomba baba na mama wasome hata mwisho, tena wasome pamoja na watoto, juu kesi hii inagusa afya ya mtoto ndani ya nyumba yako, hata kama wewe hauonji nyama hiyo kabisa.

JINA LA ZAMANI

Kwanza tumjue mshitakiwa. Kwa Kiswahili tunasema nguruwe. Warundi na Wanyarwanda wanasema ingurube. Kule Katanga utasikia ngulube, na kwa Lingala ngulu. Ukisikiliza vizuri utaona ni neno moja tu linalotembea toka lugha hata lugha. Babu zetu walikuwa nalo zamani sana, na aliyeitwa hivyo ni yule wa pori, anayefika usiku kuchimbua mihogo na karanga. Mpaka leo wakulima wa kuelekea Itombwe wanajua hasara yake.

Yule wa pori ana ndugu. Kuna ngiri wa mbuga, mwenye meno yaliyopinda. Kuna yule mkubwa mweusi wa misitu, anayeweza kupita kilo 200. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka wa 1904 tu, ingawa wawindaji wa msituni walikuwa wamemjua tangu zamani.

Nguruwe wa nyumbani ni mwingine. Asili yake ni nguruwe wa pori wa Ulaya na Asia. Watu walianza kumfuga yapata miaka 10,000 iliyopita, upande wa inchi inayoitwa leo Uturuki, na tena mbali zaidi, huko Uchina. Kwetu mashariki ya Kongo aliingia hasa wakati wa wakoloni. Ni mgeni aliyepewa jina la mwenyeji, na pamoja na jina alipewa sifa mbaya pia.

SHITAKA LA UJINGA: HADISI ZINASEMA NINI?

Tumwite shahidi wa kwanza. Katika inchi nyingi za Afrika, hasa kuelekea magharibi, wazee wanasimulia hadisi ya Kobe na Nguruwe. Watoto, karibieni.

Kobe alikopa feza kwa Nguruwe. Siku ya kulipa ikafika, ikapita. Nguruwe akaja kudai. Kobe akamwambia: «Rudi kesho.» Akarudi kesho, akaambiwa: «Rudi juma lijalo.» Mara ya tatu Kobe alimwona kwa mbali anakuja na hasira. Akamwita mke wake mbio: «Nigeuze, tumbo juu! Weka mahindi juu ya kifua changu, usage, sawa mimi ni jiwe lako la kusagia.» Mama akafanya hivyo. Nguruwe akaingia. «Mume wako iko wapi?» «Ametoka.» «Ametoka tena?» Kwa hasira Nguruwe akanyakua lile jiwe, akalitupa nje, mbali ndani ya majani.

Kobe akaanguka polepole, akajipangusa, kisha akaingia kwa mlango sawa mtu anayetoka safari. «Karibu, rafiki! Leo feza yako iko tayari kabisa. Lakini ngoja kidogo. Jiwe la mke wangu iko wapi? Leta jiwe kwanza, kisha nitakulipa.» Nguruwe akatoka kulitafuta. Ndiyo sababu mpaka leo anatembea pua ndani ya udongo, anachimba, anaguna, anatafuta jiwe ambalo hatalipata.

Watoto wanacheka Nguruwe. Mzazi, ngoja wamalize kucheka, kisha uwaulize: ni nani mwenye haki hapa? Aliyekopa ni nani? Aliyedanganya ni nani? Nguruwe alikopesha rafiki, akadai kilicho chake, akageuzwa kuwa mwenye kosa. Ninyi wa machimboni mnaijua hadisi hii bila kuambiwa. Mchimbaji amekopa unga na mafuta kwa mwenye duka. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, amewaahidi wachimbaji sehemu yao. Kila mmoja anamwambia mwenzake: «Rudi kesho.» Na yule aliyedai akipaza sauti, watu wanasema yeye ndiye mwenye fujo. Hadisi hii haionyeshi kwamba nguruwe ni mjinga. Inaonyesha ginsi mwerevu anaweza kumchekesha kila mtu juu ya yule aliyemwibia.

Shahidi mwingine ametoka Uingereza. Ni hadisi ya nguruwe watatu wadogo, iliyopigwa chapa huko katika karne ya 19 na kuingizwa katika sinema na Walt Disney mwaka wa 1933. Wa kwanza anajenga nyumba ya majani, wa pili ya vijiti, wa tatu ya matofali. Mbwa mwitu anakuja, anapuliza. Majani yanaruka, vijiti vinaanguka, matofali yanasimama. Hapa nguruwe wa tatu si mjinga hata kidogo. Amepita wanaume wengi. Kuna mtu amechimba zahabu miaka 5, zahabu imepita mikononi mwake mara nyingi, na mpaka leo analala chini ya shitingi, wala hana tofali moja Baraka kwa ajili ya mke na watoto.

Tena kuna kitabu cha George Orwell cha mwaka wa 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikigeuza kwa Kiswahili mwaka wa 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Humo nguruwe ndio wenye akili kuliko wote. Wanaongoza wenzao kufukuza bwana mwovu, kisha wao wenyewe wanakuwa mabwana. Lakini mwandishi hakuwa na shida na nguruwe. Alikuwa anasema habari za wakubwa wa dunia. Ndivyo hadisi zilivyo: nguruwe anavaa nguo zetu, nasi tunamcheka tukisahau nguo ni za nani.

Katika maisha ya kweli nguruwe ni mwepesi wa kujifunza. Anajua saa ya chakula na anajua sauti ya anayemlisha. Vitoto vyake, siku chache tu kisha kuzaliwa, kila kimoja kina chuchu yake, na hakiachi mwingine aishike. Shitaka la kwanza linaanguka.

SHITAKA LA UCHAFU: PORI LINASEMA NINI?

Mama mmoja atasema: «Pasta, tumemwona kwa macho yetu anagaagaa ndani ya matope.» Ndiyo. Lakini uliza sababu. Mtu akifanya kazi juani, jasho linamtoka na kumpoza. Nguruwe hana jasho la kutosha. Jua la Baraka likimpiga saa sita, atafanya nini? Anatafuta maji. Akikosa maji anatafuta matope, yanampoza na kumkinga na jua na wadudu. Ukimjengea kivuli na kumpa maji, utaona mnyama mwingine kabisa.

Tena jambo ambalo wengi hawajui: nguruwe akipewa nafasi ya kutosha, hatoi mavi pale anapolala. Anachagua kona moja ya choo, na kona nyingine ya usingizi. Tuseme kweli, wapenzi: kuna kambi za wachimbaji ambapo watu hawajafika hatua hiyo. Watu mamia wanafanya kazi juu ya mlima mmoja, na choo hakuna. Kila mtu anaingia majanini.

Hapo ndipo kesi inageuka, kwa sababu nguruwe naye anaingia majanini.

SHITAKA LA UGONJWA: MZUNGUKO WENYEWE

Hili ndilo shitaka kubwa, nami naomba tulisikilize polepole.

Kuna mnyoo mmoja mrefu, bapa sawa utepe, unaitwa tegu. Tegu wa nguruwe anakaa ndani ya utumbo wa mtu, na anaweza kufika mita 2 hata 4, hata kupita. Ninasema ndani ya mtu. Tegu mkubwa haishi ndani ya nguruwe, anaishi ndani yetu sisi. Mtu huyu anaweza kuwa hana maumivu yoyote. Labda siku nyingine ataona vipande vyeupe ndani ya choo chake, basi. Lakini mayai ya tegu yanatoka kwa maelfu pamoja na mavi yake, nayo hayaonekani kwa macho.

Nguruwe anayezurura anakuta mavi ya mtu majanini, anakula. Mayai yanapasuka ndani yake, yanasambaa ndani ya nyama na kufanya malengelenge meupe, sawa chembe za mchele. Wanunuzi wazoefu wanamfungua kinywa nguruwe na kupapasa ulimi kutafuta chembe hizo. Wakizipata wanakataa. Wakikosa, haina maana kwamba nyama yote ni safi.

Mtu akila nyama hiyo haikuiva vizuri, zile chembe zinakuwa tegu mpya ndani ya utumbo wake. Mzunguko umetimia: mtu, mavi, nguruwe, nyama, mtu.

Mpaka hapo utasema: «Mimi sili nguruwe, hainihusu.» Ngoja. Kuna njia ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Mtu akimeza yale mayai yenyewe, anakuwa sawa yule nguruwe. Mayai yanapasuka ndani ya mwili wake, yanaingia ndani ya nyama, ndani ya macho, na hata ndani ya ubongo. Na yale mayai hayatoki katika nyama ya nguruwe. Yanatoka katika mavi ya mtu mwenye tegu, yanapita kwenye mikono isiyonawiwa, kwenye maji ya mto, kwenye nyanya iliyookotwa chini na kuliwa bila kuoshwa. Kisha miezi au miaka, yule aliyameza anaanza kuanguka kifafa.

Ninawapa mfano wa kweli. Kule New York, Marekani, kunakaa Wayahudi wanaoshika sana sheria ya Musa, nao hawagusi nguruwe. Mwaka wa 1992 waganga waliandika habari za watu 4 wa jamaa hizo waliougua malengelenge ya tegu ndani ya ubongo. Watu wakashangaa: imewezekana namna gani? Waganga walipochunguza, waliona njia iliyo karibu zaidi ni wafanyakazi wa nyumbani waliotoka inchi zenye ugonjwa huu. Mmoja wao alikutwa na tegu bila kujua. Nguruwe hakuingia nyumba ile hata siku moja. Mkono wa mtu ulitosha.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema kwamba katika sehemu ambapo mnyoo huu unakaa, yapata watu 30 kwa mia wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo. Si kifafa chote. Mtoto anaweza kukipata juu ya taabu wakati wa kuzaliwa, juu ya malaria iliyopanda ubongoni, juu ya kupigwa kichwa. Lakini sehemu ile inayotokana na tegu ingeweza kuzuiliwa kwa choo na sabuni.

MTOTO HUYU SI MCHAWI

Hapa niseme wazi, sawa mchungaji na sawa mzazi. Katika vijiji vyetu mtoto mwenye kifafa anateswa mara mbili: mara moja na ugonjwa, mara ya pili na sisi. Anatolewa masomoni. Anakula peke yake katika sahani yake. Watu wanamkimbia wakati anaanguka, eti povu lake linaambukiza, naye anaungua motoni mbele ya macho yao. Wengine wanamwita mchawi. Wengine wanamfungia ndani ya nyumba ya maombi juma zima bila dawa.

Povu la kifafa haliambukizi. Mtoto akianguka, mwondoe karibu na moto na mawe, umlaze ubavu, uweke kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na ukae naye mpaka aamke. Akipita dakika 5 bila kutulia, mkimbize hospitali. Dawa za kifafa zipo, tena zipo za bei ndogo, lakini zinamezwa kila siku, wala haziachwi bila ruhusa ya munganga. Na usinunue dawa ya tegu sokoni kumpa mtoto mwenye kifafa. Ikiua malengelenge ndani ya ubongo bila kuangaliwa, inaweza kuzidisha ugonjwa. Kazi hiyo ni ya munganga.

Maombi na dawa havigombani. Mwombee mtoto asubuhi, kisha umpe kidonge chake.

HISTORIA: UGONJWA ULIOTOKA KWETU UKATEMBEA DUNIA

Nguruwe naye ana ugonjwa wake unaotisha, watu wanauita pesti ya nguruwe, au homa ya nguruwe ya Afrika. Hauingii ndani ya mtu, lakini unaingia ndani ya mfuko wake. Aliyeueleza kwanza kwa maandishi ni munganga wa wanyama Montgomery, kule Kenya, mwaka wa 1921. Ngiri na nguruwe wa pori wanaweza kubeba kijidudu chake bila kuugua. Yule wa nyumbani, mgeni wetu, akipata anakufa kwa siku chache, pamoja na wenzake karibu wote. Dawa hakuna.

Mwaka wa 1957 ugonjwa huu ulifika Lisbon, Ureno. Mwaka wa 1978 ulifika Jamhuri ya Dominika, kisha jirani yake, Haiti. Mwaka wa 2007 uliingia Georgia, na mwaka wa 2018 Uchina. Katika Kivu ya Kusini nako umemaliza mazizi mengi, na wataalamu wameuchunguza hapa hapa.

Habari ya Haiti inafaa tuisikie, juu inafanana na yetu. Wakulima wa kule walikuwa na nguruwe wadogo weusi, wenye nguvu, waliokula chochote. Ndio walikuwa benki yao. Mtoto akitaka kuanza masomo, wanauza mmoja. Mtu akifa, wanauza mmoja. Juu ya kuogopa ugonjwa usifike Marekani, serikali ilisimamia kazi ya kuwaua wote, na kazi hiyo ilimalizika mwaka wa 1983. Kisha wakaletewa nguruwe weupe kutoka Marekani, waliotaka chakula cha kununua na sakafu ya simenti. Maskini wakasema nguruwe hawa wanaishi vizuri kuliko sisi. Wazazi wengi wakakosa namna ya kulipia watoto masomo.

Nani kwetu asiyeielewa habari hii? Serikali imetangaza shule ya msingi bila malipo tangu mwaka wa 2019, lakini sekondari bado inaomba feza. Mama anayefuga nguruwe anahesabu: mimba ni miezi 3, juma 3 na siku 3, kisha vitoto. Anajua kitoto gani ni cha masomo na kipi ni cha dawa. Basi pesti ikisikika kijijini, wengine wanachinja mbio mbio na kuuza nyama kabla haijajulikana. Wanadhani wanaokoa feza. Kweli wanapeleka ugonjwa kwa mama mwingine, juu kijidudu kinatembea na nyama, na damu, na viatu vya mnunuzi anayetoka zizi moja kuingia lingine.

Historia ina jambo lingine la kuchekesha na kuhuzunisha. Mwaka wa 1386, katika mji wa Falaise, Ufaransa, nguruwe jike alihukumiwa na kunyongwa mbele ya watu kwa kuua mtoto mchanga. Mwaka wa 1457, pale Savigny, mwingine alinyongwa kwa kosa la namna hiyo. Vitoto vyake 6 viliachiliwa, juu ushuhuda haukutosha. Tunawacheka watu wale wa zamani. Lakini sisi tunaosema «nguruwe ameleta kifafa» huku choo hakuna, tunatofautiana nao wapi?

JIRANI ASIYEKULA

Kuna neno moja la mwisho kabla ya hukumu. Hapa kando ya ziwa Uislamu uliingia na misafara ya biashara iliyotoka Ujiji katika karne ya 19, na jirani zetu Waislamu hawali nguruwe. Wakristo wengine nao, sawa Waadventista, hawamli, wakifuata Walawi sura ya 11. Ndugu waliokaa ukimbizini Tanzania, kule Nyarugusu, wanajua nyama hii inaitwa huko kitimoto. Labda wanajua pia kwamba mwezi wa 4 wa mwaka wa 1993, mjini Dar es Salaam, maduka ya nyama hiyo yalivunjwa na watu wenye hasira. Tusingoje kufika huko. Nguruwe wako akivuka parsela na kuingia uwanja wa jirani asiyekula, wewe ndiye umevuka, si yeye. Zizi linalinda nguruwe, linalinda mtoto, na linalinda ujirani.

HUKUMU

Basi baraza liseme. Shitaka la ujinga limeanguka. La uchafu limeanguka. La ugonjwa linageuka na kutuelekea sisi, wenye mikono na majembe. Na kazi yetu ni hii:

1. Choo kwanza. Kabla ya zizi, kabla ya televisheni. Machimboni, mwenye shimo asianze kuchimba zahabu kabla hajachimba choo cha watu wake. Anajua kuchimba, hawezi kusema hana vifaa.

2. Nguruwe akae zizini. Miti na kamba vinatosha kuanza. Kivuli, maji safi, majani ya viazi na mabaki ya mihogo. Mabaki ya nyama ya nguruwe asipewe kabisa.

3. Nyama iive. Ikatwe vipande vidogo, ichemke mpaka damu na wekundu viishe. Ile mishikaki ya usiku kwenye nganda, inayochomwa juu juu kwa mwangaza wa tochi, iache. Nyama yenye chembe nyeupe isiliwe wala isiuzwe.

4. Mikono kwa sabuni, kisha choo na mbele ya chakula. Mama anayeuza chakula machimboni ndiye mlinzi wa watu mia.

5. Aliyeona vipande vyeupe ndani ya choo chake asione haya, aende kituo cha afya.

6. Nguruwe wakianza kufa, usiuze, usigawie. Mwambie mwenye kazi ya mifugo, uzike na uchome, uoshe viatu.

Katika Mezali 11:22, Sulemani anasema habari ya pete ya zahabu ndani ya pua ya nguruwe, akimfananisha mwanamke mwenye uzuri bila akili. Nasi tulio katika inchi ya zahabu tunaweza kuligeuza upande wetu. Kambi inayotoa zahabu kila siku na haina choo hata kimoja imevaa pete hiyo. Inang'aa puani, na miguu iko ndani ya mavi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kwa watoto: Katika hadisi ya Kobe na Nguruwe, ni nani alikosa? Ungekuwa wewe ndiye mke wa Kobe, ungefanya nini?

Kwa wazazi: Katika njia yenu, nyumba ngapi hazina choo? Ni nani wa kuanza kuwasaidia kuchimba?

Kwa wachimbaji: PDG wenu ameahidi choo? Alisema lini? Au bado anasema «rudi kesho»?

Kwa wote: Kuna mtoto wa kifafa jirani yenu? Juma hili mwalikeni ale pamoja nanyi, katika sahani moja.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.